Shangazi, nimepewa mkutano wa Kigali na sijui pa kuanzia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, katibu wa chama cha akina mama wanaouza mukene, yaani dagaa, hapa Busia, upande wa Uganda. Tunanunua ziwani, tunakausha, tunachambua mchanga, tunafunga magunia. Mwaka huu tumepata wanunuzi wa Kigali. Wamechukua mzigo mara mbili na wamelipa bila kusumbua. Mama Mwenyekiti akasema si vizuri kufanya biashara na watu tunaowajua kwa sauti ya simu tu, twende tukaonane nao, tuandikiane mkataba wa mwaka mzima. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akanigeukia: "Katibu, panga."

Shangazi, mkutano mkubwa niliowahi kupanga ulikuwa chini ya mwembe wa shule ya msingi, na viti tuliazima kanisani.

Tutakuwa watu 40. Sisi wa Busia 28, wenzetu wanne wa Kisumu wanaofanya biashara hii hii, na wanunuzi wanane wa Kigali. Siku ni tatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya mwisho wa Septemba. Ijumaa tunafika na kupumzika. Jumamosi saa 3 asubuhi tunafungua na wanunuzi wanazungumza. Jumapili tunafunga, saa 4 tunaondoka, jioni tuko nyumbani. Hiyo ndiyo ratiba niliyoandika.

Hoteli ilitafutwa na mpwa wa Mama Mwenyekiti anayekaa Kampala, na ndiye aliyetuma pesa. Nilipoomba karatasi nililetewa picha kwenye simu. Inasema Faranga 25,000 kwa mtu kwa siku, idadi isipungue watu 60, nusu ilipwe mwanzo na hairudishwi. Nusu hiyo, Faranga 2,250,000, imeshatoka kwenye mfuko wa chama.

Kuna mengine. Mwanzilishi wetu ni bibi wa miaka 68, hajawahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa huu wetu wa Busia. Mama mmoja ana mtoto wa miezi mitano, bado ananyonya. Baadhi wanasema lazima pasipoti, wengine wanasema kitambulisho kinatosha. Tunataka kukodi basi dogo la hapa hapa kwa sababu dereva tunamfahamu. Na tunataka kubeba sampuli za mukene, kila mnunuzi apate kilo moja.

Linaloninyima usingizi zaidi ni hili: Mama Mwenyekiti hapendi kuulizwaulizwa, na ndiye aliyenilipia karo nilipokuwa sinia ya nne ya sekondari. Nitamwambiaje kwamba labda kuna kosa? Lakini zile pesa ni za akina mama, zimekusanywa kikombe kwa kikombe cha mukene. Zimebaki wiki saba. Nisaidie.

Katibu, Busia

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalenda mkononi. Nimepanga mikutano ya watu wetu nje ya nchi kwa miaka 14, mikubwa na midogo, na barua yako imenigusa kwa sababu nakumbuka nilivyokuwa nilipopewa wa kwanza.

Niseme jambo zito kwanza. Jumamosi uliyoweka wanunuzi wazungumze saa tatu asubuhi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nchini Rwanda hiyo ni siku ya umuganda. Unaijua bulungi bwansi ya Buganda, watu wanapotoka pamoja kusafisha njia na visima? Umuganda ni wa namna hiyo, ila ni wa nchi nzima na uko kwenye sheria. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wa umri wa miaka 18 hadi 65 wanafanya kazi za mtaa wao, maduka yanafungwa na magari barabarani yanakuwa machache sana. Mgeni halazimishwi, lakini wanunuzi wako si wageni. Ninyi mtakuwa mmekaa ukumbini na maiki imewashwa, wao wakiwa na majembe mtaani kwao.

Kwa hiyo tarehe ibadilike. Nitakuonyesha jinsi ya kuibadilisha bila kupoteza ile nusu iliyolipwa, lakini kabla ya hoteli kuna mtu ninayetaka umfikirie.

Huyo ni bibi yenu wa miaka 68.

Wapangaji wengi wanaanza na ukumbi: una viti vingapi, una mapazia ya rangi gani. Mimi naanza na msafiri ambaye safari itamwia ngumu kuliko wote, nampanga yeye, na wengine wote wanaingia humo humo. Bibi akifika Kigali akiwa na karatasi zake, miguu haijavimba, amekula na amelala, basi wale 27 wamefika. Ukimpangia katibu kijana wa miaka 27, bibi utamwacha mpakani.

Anza na kitambulisho chake. Wanaosema kinatosha wanasema kweli: tangu mwaka 2014 Uganda, Kenya na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Wenzenu wa Kisumu nao wataingia Uganda na Rwanda kwa vya kwao. (Ingekuwa mnakwenda Mwanza ningekwambia mengine, kwa sababu Tanzania haimo katika mpango huo wa vitambulisho.) Ila usiishie kuuliza "unacho?" Kila mama akuletee mkononi, ugeuze, usome tarehe ya mwisho. Vitambulisho vyetu vya kwanza vilitolewa mwaka 2014 na 2015 vikiwa vya miaka 10, na waliokuwa wa kwanza kupanga foleni ndio hao hao wazee wetu. Serikali iliongeza muda, na mwaka 2025 NIRA, mamlaka yetu ya vitambulisho, ikaanza kuandikisha upya, lakini afisa wa nchi nyingine aliyekaa dirishani anasoma kilichochapwa kwenye kadi. Ambaye kadi yake imepitwa au jina halisomeki aende NIRA wiki hii. Bibi asiende peke yake. Mashine wakati mwingine inakataa alama za vidole vya wazee, hasa waliofanya kazi za mikono maisha yao yote, na mzee akikataliwa mara moja anaona aibu, anarudi nyumbani na hasemi. Nenda naye.

Mtoto wa miezi mitano hana kitambulisho cha taifa, na kifua cha mama yake hakimvushi mpaka. Mama aende ofisi ya uhamiaji hapo hapo Busia na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, aulize hati gani ya kusafiria itolewe na inachukua siku ngapi. Kama baba yupo, aandike barua ya ridhaa na kuitia sahihi. Halafu katika bajeti weka nauli na chakula cha msichana wa kumshika mtoto, au mkubaliane nani atapokezana na mama yake. Nimeona akina mama wenye akili nzuri ya biashara wakikaa nje kwenye korido siku nzima wakibembeleza, huku ndani wenzao wanapanga bei. Huyo amechangia kama wengine, na ana haki ya kuwemo bei inapopangwa.

Sasa njia. Busia hadi Kigali kupitia Kampala, Masaka, Mbarara, Kabale na Katuna ni kama kilomita 700. Kampala yenyewe foleni inaweza kukula saa mbili, na baada ya Mbarara ni milima na kona hadi mpakani. Usimpakie bibi kwenye basi jioni eti mtalala njiani mfike Kigali asubuhi. Ondokeni alfajiri, mlale Mbarara, kesho yake mvuke Katuna mchana mkiwa na nguvu za kujibu maswali. Tena acha nafasi ya ajali za njia. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka, magari yakazungushwa mbali. Aliyekuwa amepanga kufika asubuhi ya mkutano alifika mkutano umekwisha.

Ratiba yako ya kurudi haiwezekani kabisa. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa nne ya Kigali ni saa tano ya Busia, na mkiondoka hapo bila kulala njiani mtafika saa nane usiku au zaidi. Simu zitajibadilisha zenyewe mkivuka. Saa za mkononi, na bibi yenu bila shaka anayo, zitabaki za Uganda. Siku mnapovuka, simama ndani ya basi, kila mtu arudishe mshale saa moja nyuma mbele yako.

Na ile "saa 3" uliyoandika, uliiandikia nani? Msomaji wa Kiswahili, wa Kiganda na hata wa Kinyarwanda ataelewa ni saa tatu ya asubuhi, kwa sababu wote tunahesabu saa tangu jua lichomoze. Lakini meneja wa hoteli anaingiza kwenye kompyuta, na kompyuta ikiona 3:00 inaweza kumpa saa tisa alasiri, au saa tisa usiku. Nilishapata mkasa huo mwenyewe katika nchi moja ya mbali: niliandika "saa 2" kwa chai, chai ikaletwa saa nane mchana, na wajumbe 50 walikuwa wameshinda na maji tu tangu asubuhi. Tangu siku ile kila barua ya hoteli naandika 09:00 kwa tarakimu nne, na kwenye ratiba ya wajumbe naandika "saa tatu asubuhi" kwa maneno, saa za Kigali.

Tuje kwenye pesa. Nimekaa nikapiga hesabu, na hapa nina habari njema.

Mlivyoandikiwa ni hivi: watu 60, Faranga 25,000, siku tatu. Hiyo ni Faranga 4,500,000, na nusu yake ndiyo mliyolipa. Lakini ninyi ni 40, si 60. Ile "isipungue 60" maana yake mtalipia sahani 20 ambazo hakuna mtu atakayekaa mbele yake. Na siku tatu za nini? Ijumaa mnafika na kupumzika, Jumapili mnafunga saa nne. Kazi ya kweli ni siku mbili. Watu 40 kwa siku mbili ni Faranga 2,000,000. Kama bei hiyo haina VAT, ongeza asilimia 18, inakuwa 2,360,000. Nanyi mmeshalipa 2,250,000. Imebaki 110,000.

Unaona? Huna haja ya kuomba urudishiwe kitu. Ukiomba kurudishiwa, meneja atakuonyesha lile neno "hairudishwi" na mazungumzo yamekwisha. Omba wahamishe tarehe na wapunguze idadi, pesa ibaki kwao. Hoteli nyingi hukubali kuhamisha zikipewa wiki kadhaa, maana Jumamosi watamuuzia mwingine ukumbi ule. Wanaweza kukataa kushuka hadi 40, waseme 50. Kubali kuzungumza. Hata kwa 50 bado mko mbali sana na zile milioni nne na nusu.

Waandikie barua fupi, yenye maneno kama haya:

"Tuliweka nafasi kwa jina la chama chetu. Tunaomba kuhamia Alhamisi na Ijumaa ya wiki iliyotangulia, 09:00 hadi 17:00 saa za Kigali. Idadi ni watu 40. Idadi ya mwisho tutaithibitisha siku saba kabla. Tafadhali thibitisheni kiasi mlichopokea na jina lililolipa, mtuandikie kama Faranga 25,000 ina VAT ndani yake, na mtutumie profoma mpya na stakabadhi kwa jina la chama."

Soma tena sentensi ya kuthibitisha kiasi kilichopokelewa. Hiyo ndiyo inayobeba mzigo wa lile ulilolizungukia katika barua yako bila kulitaja. Picha kwenye simu si stakabadhi. Sisemi huyo kijana wa Kampala amefanya lolote baya, nawe usiseme. Inawezekana kabisa pesa imefika yote na amesahau tu kutuma karatasi. Lakini hoteli yenyewe iseme imepokea nini. Namba ya hoteli usiichukue kutoka kwenye ile picha. Itafute mwenyewe, au waombe wanunuzi wa Kigali mmoja wao apite pale mapokezi aulize. Wako umbali wa boda tu.

Katika profoma mpya, yaani ile hati ya bei kabla ya malipo, tazama nini kiko ndani ya hizo 25,000. Kawaida ni ukumbi, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, chai ya jioni na maji. Projekta wakati mwingine inalipiwa kando, na maiki vilevile. Uliza kuhusu jenereta. Uliza nyama ni halali, kama mnao Waislamu kati yenu, na Ijumaa acha nafasi ya sala, kuanzia saa sita hadi saa nane, msiibane kwenye dakika kumi za mapumziko. Malazi ni bei nyingine kabisa, na si lazima mlale hoteli hiyo hiyo. Nyumba za wageni za makanisa mara nyingi ni safi na nafuu.

Kifungu kimoja zaidi ninakisisitiza kwa nguvu: ikiwa mpaka utafungwa au ugonjwa utazuka, malipo yahamie tarehe nyingine. Usidhani natia chumvi. Mpaka wa Gatuna, ndio Katuna kwa upande wetu, ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi Januari 2022, na Septemba 2024 Rwanda ilitangaza Marburg, kisha Januari 2025 sisi Uganda tukatangaza Ebola. Kifungu kama hicho ni mistari miwili tu ya maandishi.

Sasa Mama Mwenyekiti.

Mwanangu, mkubwa haambiwi amekosea mbele ya watu, na aliyekulipia karo hasahihishwi kwa ujumbe wa simu. Nenda kwake jioni, baada ya kazi, ukiwa na kalenda na karatasi moja ya hesabu. Mpe habari ya umuganda kama jambo mlilogundua pamoja, maana kweli wewe nawe hukulijua. Sema: "Mama, nimeona siku ile wanunuzi wetu watakuwa kwenye umuganda. Nimeona pia tukihamisha, pesa uliyokwisha lipa inatosha karibu mkutano mzima. Niruhusu niandikie hoteli." Hapo unamletea ushindi. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya akina mama aseme tumeokoa Faranga milioni mbili na ushei. Na kuhusu stakabadhi, mwambie mweka hazina anaihitaji kufunga vitabu vya mwaka, jambo ambalo ni kweli. Ukimwuliza hivyo hatakasirika. Akikasirika hata hivyo, mngoje apoe, halafu rudi tena kabla wiki haijaisha, safari hii ukiwa na mweka hazina. Karo yake ilikusomesha ili uweze kuhesabu. Kuhesabu kwa uaminifu ndiyo namna ya kumshukuru.

Kama hoteli itakataa katakata kuhamisha tarehe, nina njia ya pili, na siioni kuwa mbaya. Waulizeni wanunuzi mtaa wao unafanya kazi gani umuganda wa mwezi huo, muombe kwenda nao. Akina mama 28 wa Busia wanaojua kushika jembe, wakifyeka na kuzoa pamoja na wenyeji, kisha saa sita mkutano unaanza. Bibi yenu umri wake umepita, atakaa kivulini na mtoto.

Basi. Dereva mnayemfahamu ni jambo jema, lakini muulize amewahi kuendesha Rwanda. Kule wanatembelea kulia, na anayetoka barabara zetu anahitaji kuwa macho hasa kwenye mizunguko na asubuhi ya kwanza, akili ikiwa bado na usingizi. Wajumbe nao wakivuka barabara kwa miguu watazame kushoto kwanza. Gari lenyewe lazima liwe na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima ya kuvukia mpaka. Hapa watu huchanganya: ukimwambia mtu "kadi ya njano" anakuletea cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ni vitu viwili, na mnavihitaji vyote viwili, kimoja cha gari na kimoja cha watu. Chanjo huhesabiwa kuanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo asichome mtu siku moja kabla ya safari. Na tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata cha zamani kinafaa. Kigali mkipanda pikipiki ni abiria mmoja tu, na kofia atakupa dereva. Watu wa Busia tumezoea kupanda wawili na gunia katikati, kwa hiyo waambie mapema.

Sampuli zako za mukene nusura niziruke, na zingewaletea aibu. Ulipanga kilo moja kwa kila mnunuzi, na najua ulipanga kuiweka kwenye kaveera, maana sote ndivyo tunavyofanya. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Safari yangu ya kwanza ya basi kwenda kule, afisa alipanda, akapita kiti kwa kiti, na mama mmoja mbele yangu akaambiwa atoe. Alikuwa na kaveera ndani ya kaveera: ndizi, kanga, dawa za presha, viatu vya mtoto. Vyote vikamwagwa mapajani, mifuko ikachukuliwa, akabaki ameshika vitu vyake kwa mikono miwili hadi Kigali. Nunueni bahasha za karatasi ngumu za kilo moja, mgonge muhuri wa chama, muandike siku mukene alipokaushwa. Itapendeza kuliko plastiki. Kwa kuwa ni samaki, muone afisa uvuvi wa wilaya mapema kuhusu cheti cha afya, hata kama mzigo ni kilo nane. Na kabla hamjaondoka kila mama apekue mkoba wake. Waliofunika gauni la mkutano kwa nailoni ya dobi waitoe.

Kuhusu lugha, nakutia moyo: Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na wafanyabiashara wengi wa Kigali wanakisema. Endesheni mkutano kwa Kiswahili. Lakini siku ya bei na mkataba tafuta mkalimani wa Kinyarwanda, maana mtu hufanya hesabu kwa lugha ya mama yake. Ukitaka atafsiri papo hapo huku mtu anasema, tafuta wawili wapokezane kila nusu saa. Mmoja akichoka anaanza kuruka maneno, na neno atakaloruka laweza kuwa "kilo". Na kwenye mkataba wenyewe andikeni majina yote ya samaki huyu: mukene kwetu, omena kwa wenzetu wa Kisumu, dagaa kwa Kiswahili, indagara kwao. Nimewahi kuona ugomvi wa mzigo mzima kwa sababu karatasi iliandika "samaki wadogo wakavu" tu.

Ratiba yako mpya ningeiweka hivi. Jumanne alfajiri mnaondoka, mnalala Mbarara. Jumatano mnavuka, jioni Kigali, mnakula na kulala. Alhamisi mnafahamiana na kuzungumza ubora na usafirishaji. Ijumaa asubuhi bei na mkataba, baada ya sala wanunuzi wawapeleke sokoni mkaone mukene wenu unavyouzwa, umewekwa wapi, na kwa bei gani. Msiikose ziara hiyo. Saa moja sokoni itawafundisha zaidi ya hotuba zote. Jumamosi mnarudi hadi Mbarara, Jumapili mko nyumbani.

Zimebaki wiki saba, lakini ukihamia wiki iliyotangulia ni sita. Kesho asubuhi kabla ya kitu chochote nenda kwa bibi, umwombe kitambulisho, mkisome tarehe pamoja. Jioni nenda kwa Mama Mwenyekiti. Hoteli ikijibu, niandikie walichosema kuhusu ile pesa, neno kwa neno, nami nitakujibu siku hiyo hiyo.

Shangazi yako